Mzunguko wa Thelathini na Mbili

Baada ya khitma ya Mama Shirin, pale kwenye kituo chao cha dini Thornhill, tulikaa chini wanawake watupu kuzunguka sinia la biriani. Mama mmoja mwenye miwani ya fremu nyekundu akaniinamia. "Wewe ndiye Goreti uliyekuwa ukimtunza mzungu wa Shirin?" Nikasema ndimi. "Basi hebu niambie. Ni kweli yule bwana alikuwa dereva wa mashindano ya magari huko Marekani?" Nikamwambia ni kweli, alishindana mara kumi na moja. "Kumi na moja tu!" akasema. "Na mbona miaka yote hiyo hakuendesha hata kwenda kununua maziwa? Shirin ndiye alikuwa dereva, yeye kakaa pembeni kafumba macho kama bibi harusi." Wenzake wakacheka kicheko cha msibani, mikono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika tonge, nikahisi mwili wangu ukiinama kushoto, taratibu, pasipo mimi kuuambia, jinsi dereva anavyoinama gari linapokata kona. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Nilidhani jambo hilo lilikwisha kunitoka mwilini.

Mwaka ninaousema ni 2004. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiishi Rexdale, kitongoji cha wahamiaji, ghorofa ya kumi na moja, pamoja na Mado, msichana wa Bukavu aliyefunga nyama ya kuku kwenye kiwanda karibu na uwanja wa ndege. Tulikuwa na chumba kimoja na godoro moja ambalo halikupoa: mimi nikitoka asubuhi, yeye ndiye anaingia. Januari nilipata kazi ya kumtunza mzee mmoja Thornhill. Nilipanda basi la Kipling mpaka Steeles, la Steeles mpaka Bathurst, la Bathurst kwenda kaskazini, kisha nikatembea katikati ya nyumba ambazo magari yalikuwa na vyumba vyao na watu hawakuonekana kabisa. Siku ya kwanza nilivaa koti zito la kijani nililopewa kanisani. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi wa Kihindi, mwenye nywele nyeupe zilizobanwa vizuri. Hakunitazama mimi, alilitazama koti. "Vua," akaniambia kwa Kiswahili, kabla ya salamu. "Hapo hapo nje, binti." Theluji ilikuwa ikianguka. Nikavua. Akalichukua kwa vidole viwili, akalipeleka gereji, nikasikia mlango ukifungwa kwa ufunguo, kisha akarudi akiwa mtu mwingine kabisa. "Haya, sasa karibu. Hujambo mwanangu? Umekula?"

Ilinichukua wiki moja kuelewa nini kilikosekana katika nyumba ile. Hapakuwa na kijani. Hapakuwa na mmea dirishani, wala mto wa kochi, wala chupa ya sabuni yenye rangi hiyo. Kotmiri iliingia jikoni imefungwa kwenye gazeti, ikakatwakatwa na kupikwa mpaka ikageuka nyeusi. Njegere hazikuwahi kupita mlangoni. Mwezi wa tano, majani yalipoota, pazia la upande wa bustani lilifungwa, na halikufunguliwa tena mpaka majira yale yalipopita, kwa hiyo tulikaa kiangazi kizima ndani ya mwanga wa rangi ya chai. Haya yote yalikuwa kwa ajili ya mume wake, Bwana Lonnie, Mmarekani wa Indiana, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyotulia juu ya blanketi kama vitu alivyoombwa kumshikia mtu. Kiharusi kilikuwa kimempiga miaka miwili kabla. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umeshuka, mkono hauwezi kushika kijiko. Yalimbakia maneno matatu ya Kiingereza: ndiyo, hapana, na kahawa.

Lakini saa nane mchana, kila siku, alikwenda. Sina neno jingine. Mama Shirin alikigeuza kiti chake kikaelekea ukuta mtupu, akamwekea mapajani usukani wa zamani uliozungushiwa utepe wa kitambaa, uliotiwa weusi na jasho la zamani. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya mumewe kwenye kiti cha jikoni, na karatasi, na kalamu ya risasi, na saa ndogo ya kupimia mbio. Mimi niliwekwa mbele, ubavuni mwa ukuta, nimtazame usoni, maana daktari alisema tuangalie mdomo usije ukapinda zaidi. Bwana Lonnie alifumba macho. Mabega yakapanda. Kisha ile mikono yote miwili, hata ule wa kulia uliokuwa umekufa, ikaukamata usukani mpaka vifundo vikawa vyeupe. Akainama kushoto, akanyooka, akainama kushoto, akanyooka, na kila alipoupita mstari ambao sisi hatukuuona, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliinuka. Mama Shirin alibonyeza saa, akaandika. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia risasi ya kalamu ikipita juu ya karatasi. Na baada ya muda, naapa, nilianza kusikia harufu ya mpira ulioungua.

Mama Shirin alinieleza kazi yake wakati tukiosha vikombe. Zamani, kwenye viwanja vidogo vya mashindano kule Indiana, hapakuwa na mitambo ya kuhesabu. Wake na wachumba wa madereva ndio walioketi juu ya ubao mrefu, kila mmoja na saa yake, wakiandika kila mzunguko wa mtu wao. Yeye alikuwa ametoka Tanga kwenda kusomea hesabu kwenye chuo cha ualimu cha huko huko. Lonnie alikuja chuoni kutengeneza boila, na ndani ya miezi mitatu alikuwa amekubali kuitwa Ali mbele ya shehe wa kukopwa, na Mama Shirin amekaa juu ya ule ubao. Akanitolea karatasi ya siku ile ya mashindano ya kumi na moja, imekuwa ya manjano, akaiweka kando ya karatasi ya leo. Mzunguko wa kwanza, sekunde ishirini na nne na kidogo. Wa pili, vivyo hivyo. Wa kumi na saba, sekunde thelathini na nne, kwa sababu gari la mbele liliteleza, likajizungusha, likamzuia. Nikatazama karatasi ya leo. Wa kumi na saba, thelathini na nne. Akanionyesha ya jana, ya juzi, ya mwezi uliopita.

"Mama, anakumbuka vizuri sana," nikasema.

"Mtu hakumbuki namna hii, binti. Mimi nimezaliwa Tanga na siwezi kukuambia mlango wa nyumba yetu ulilia vipi. Huyu hakumbuki. Huyu huenda."

Karatasi zote zilikatika mahali pamoja. Mashindano yalikuwa ya mizunguko hamsini, ila katika ule wa thelathini na moja Bwana Lonnie aligeuza uso ghafla, kama mtu aliyeguswa na utando wa buibui, akainua mkono kuwaonya walio nyuma yake, akapunguza, akauvuka mstari mara ya mwisho, akasimama. Mikono ikaanguka. Upande wa kulia ukafa tena mbele ya macho yangu. "Kahawa," alisema.

Nilimsimulia Mado huku yeye akivua buti za kiwandani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Weye Goreti! Banakulipa juu ya kuangalia muzee anaendesha kiti?" Nikamwambia namwogesha pia, na kumlisha. "Na anafikaka wapi na iyo kiti?" Nikasema hafiki, anasimama mzunguko wa thelathini na moja, kila siku. Mado akaacha kucheka. Akabaki na buti moja mkononi. "Mutu hasimamake bure," akasema. "Uliza ni nani anamusimamisha." Mwezi ule wa tatu ndipo nilipogundua kwamba basi la Steeles likikata kona, mimi nilikuwa nainama kabla halijakata, na kwamba kidole changu kilikuwa kikiinuka juu ya paja tukipita taa fulani.

Alhamisi walikuja wanawake wa kituoni kunywa chai, nami nilisikia yote kutoka jikoni, Kikachi, lugha yao ya Kihindi, kikichanganyika na Kiswahili. "Shirin, hata siku ya maulidi hujitundiki hata kitambaa?" Akasema kijani hakimpendezi. "Rangi ya watu wa nyumba ya Mtume haikupendezi! Haya, mzungu kakufunza mengi." Wakacheka, naye akacheka nao, akaja jikoni kuchukua visheti. Wageni walipoondoka akafungua bomba la maji mpaka mwisho, likaanguka kwa kishindo ndani ya sinki, akaniambia chini ya kelele ile jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu.

Mama yake alikuwa amemtumia kitambaa kutoka Tanga, cha kijani, kilichopitishwa juu ya kaburi la mjukuu wa Mtume kule Karbala. Kwao mtoto akisafiri hufungwa kijani mkononi, kimrudishe. Asubuhi ya mashindano ya kumi na moja alijipenyeza kwenye gari la mumewe akakifunga chini ya usukani, mahali asipokiona, akasoma alichosoma. Hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa madereva wale kijani ni rangi ya kifo, kwamba hawakipaki kwenye gari, hawakivai, mke akija nacho uwanjani hurudishwa langoni. Katika mzunguko wa thelathini na moja fundo lililegea. Upepo ukakiinua kitambaa kikampita Lonnie usoni, kikatoka, kikapotea. Akasimamisha gari. Aliwaambia mafundi kwamba mkono wa kijani umemgusa uso. Wakalipekua gari, hawakuona kitu, wakamwita mwoga mbele ya jukwaa zima. Mizunguko miwili baadaye Carl, rafiki yake, aliyekuwa amechukua nafasi yake mbele, aligonga ukuta kwenye kona ya tatu akafa pale pale. Hakuna aliyecheka tena. Hakuna pia aliyempa gari tena. Nani atampa gari mtu ambaye kifo humgusa kwanza yeye?

"Kila siku kabla ya kulala, mpaka kiharusi kilipomnyamazisha," alisema Mama Shirin, "alinieleza jambo lile lile. Shirin, kilinigusa mimi, kikamchukua Carl. Nami namjibu, lala Loni. Jioni ile nisingeweza kusema. Mke wa Carl alikuwa kakaa nami ubao mmoja, karatasi yake magotini. Baadaye tukahama. Baadaye likazeeka, na uongo ukizeeka, binti, unakuwa kama mkwe: humpendi, ila unamwamkia kila asubuhi." Akafunga bomba, akalifungua tena. "Akifa hajui, nitakuwa nimemwacha peke yake na kitu ambacho hakikuwepo."

Nilikuwa msichana wa kanisa ambalo kila Jumapili mtu husimama mbele, akataja dhambi yake kwenye kipaza sauti, na watu wakampigia makofi. Sikuwa na shaka hata kidogo. "Mwambie, Mama. Ukweli unafungua."

"Unafungua nini? Mlango au kaburi?"

"Mwambie tu."

"Na kama kitambaa kilifanya kazi yake? Mama yangu angesema kilimtoa njiani. Hilo hujaliwaza."

Sikuliwaza. Kiangazi kizima, nyuma ya pazia lile lililofungwa, nilimsukuma. Nilimwambia wakati tunakunja mashuka, nilimwambia wakati tunamgeuza mzee kitandani. Nilimsukuma kwa upendo, na kwa ile furaha mbaya ya vijana wanaotaka kuona kitu kikitokea. Mwishoni mwa Oktoba alikubali nusu. "Nitajaribu kwanza kwa Kiswahili," alisema, "pale anapokuwa amekwenda. Hajui Kiswahili zaidi ya karibu na chai. Nikisikia sauti yangu inaweza, kesho nitamwambia kwa Kiingereza." Ndivyo tulivyozoea siku zote: tulizungumza juu ya kichwa chake, mambo ya choo chake, dawa zake, kifo chake, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Siku ile akaanza kusema kwenye mzunguko wa ishirini, akiwa nyuma yake, kalamu ikiendelea kuandika. "Loni, mume wangu. Ule haukuwa mkono." Kidole kikainuka. Ishirini na moja. "Kilikuwa kitambaa, Loni. Nilikifunga mimi. Alinipa mama yangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, ila kila alipofika mwisho wa sentensi alivuta pumzi kama amepanda ngazi. Alisema yote. Alisema habari ya fundo, na kwamba alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwamba mwoga alikuwa yeye. Ishirini na tisa. Thelathini. Mimi nilikuwa nimeshamtazama Bwana Lonnie akisimama zaidi ya mara mia mbili, na uso wangu mwenyewe ukageuka kabla ya wakati, kuukwepa utando.

Yeye hakugeuka. Kidole kikainuka, thelathini na moja, naye akainama kushoto akaingia kona ya kwanza.

Nilimwona Mama Shirin juu ya bega la mumewe, mdomo wazi. Kidole: thelathini na mbili. Alibonyeza saa, na kwa mazoea ya mkono akaandika chini ya mstari ambao chini yake hakuwahi kuandika chochote. Karatasi ya zamani haikuwa na nyakati hizi. Hazikuwapo popote duniani za kukumbukwa, na bado zilikuja, ishirini na nne, ishirini na nne, moja baada ya nyingine. Katika ule wa thelathini na tatu, mahali ambapo palipaswa kuwa kona ya tatu, pale alipofia Carl, mikono ilikatiza kulia, mara ya kwanza nione, kwa nguvu iliyokisogeza kiti juu ya zulia. Akakipita kitu, akarudi kushoto. Jasho lilimtiririka shingoni. Sasa alikuwa akikimbia kuliko zamani: ishirini na tatu, ishirini na tatu kasoro. Mama Shirin alikuwa akiomba kwa Kiarabu bila kuacha kuhesabu. Sikuthubutu kumgusa mzee. Niliona kama nikimgusa nitavunjwa mkono. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hamsini. Akapunguza polepole sana, mzunguko mzima wa kupunguza, akaingia, akasimama. Usukani akauweka kwenye mapaja kwa mikono yote miwili kama anamlaza mtoto. Akafumbua macho. Kisha, kwa Kiswahili safi, kwa lafudhi ya Tanga, lafudhi ya mkewe, akasema:

"Kumbe ni wewe."

Hakusema neno tena, la lugha yoyote. Kesho yake saa nane tulikigeuza kiti, tukampa usukani, akautazama ukuta macho wazi, akiwa ameketi tu kama wazee wengine. Mama Shirin alingoja na saa yake mkononi mpaka saa tisa. Alingoja siku nne. Siku ya tano akakigeuza kiti kuelekea bustani akafungua pazia, na nje majani yalikuwa yamekwisha kufunikwa na theluji. Bwana Lonnie alifariki katikati ya Desemba, mchana, na supu ikiwa bado na moshi.

Ila jioni ile ile ya mizunguko hamsini, nikiwa nimeshavaa viatu vya kuondokea, Mama Shirin alinishika mkono pale mlangoni. "Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Aliposema vile. Wewe ulimwona uso. Alikuwa na uso gani?"

"Alitabasamu," nikasema.

"Upande mmoja, au pande zote mbili?"

"Zote mbili, Mama."

Alinipigia simu kila Desemba tangu siku hiyo. Tuliulizana hali, akaniambia nani kaolewa, nani kafa, kisha akashusha sauti akauliza swali lake, nami nikajibu. Miaka ilivyokwenda nilimnogeshea: nikaweka unyevu machoni mwa mzee, nikamfanya ageuke kidogo kumtafuta mkewe. Sasa Mama Shirin yupo ardhini, na ninaweza kuandika nilichokiona.

Bwana Lonnie hakutabasamu. Maisha yake yote kitu kikubwa kilikuwa kimemchagua miongoni mwa watu, kikamgusa uso, na kwa ajili ya mguso ule alikuwa amekubali kuitwa mwoga, kukaa bila gari, kuishi gizani kiangazi kizima kama mtu aliyewekwa kando kwa kazi ambayo bado haijatajwa. Nilikiona kikitoka usoni mwake. Kilipotoka hakikuacha hasira, wala msamaha. Hakikuacha chochote; nilimwona tu mzee wa Indiana anayetokwa jasho mbele ya ukuta, na rafiki aliyekufa kwa sababu ya fundo la kitambaa. Kisha macho yake yakanipata. Alijua kwamba nimeona. Alimsikia mkewe nyuma yake akilia kilio cha mtu aliyetua mzigo, na akiwa bado ananitazama akatikisa kichwa mara moja, polepole, kunikataza.

Desemba iliyopita Mama Shirin alinipigia akiwa hospitali, sauti nyembamba, mashine ikilia karibu yake. Hakuuliza habari za watoto wangu. "Goreti," akasema, "pande zote mbili?"

"Zote mbili, Mama."

Mashine ikaendelea kulia. Nilidhani amelala na simu sikioni.

"Wewe ni mtoto mwema," akasema, na kwa namna alivyolisema nikajua alikuwa amejua siku nyingi.